Fedha za Kutafiti Pengo Kati ya Vijana: Mwongozo kwa Kamati za Kabazi

Mwongozo huu ni wa wale wanaoshika kalamu majina ya vijana yanapopitishwa: walimu wakuu, wahazini wa kamati za basari, wasimamizi wa vyuo vya ufundi vya kaunti, maafisa wa wadi, machifu na manaibu wao, wazee wa kanisa wanaochangisha karo, na viongozi wa vikundi vya vijana katika wadi ya Kabazi. Unawafaa pia wenzao wa wadi za Subukia na Waseges, kwa kuwa wadi hizo tatu ndizo eneobunge la Subukia, katika kaunti ya Nakuru.

Kila mwaka fedha hutolewa kwa nia ya kuwainua vijana. Kuna basari ya kaunti, basari ya Hazina ya Maendeleo ya Maeneobunge, mikopo ya vikundi, na mafunzo ya ushonaji, uashi na ufundi wa pikipiki. Wakaguzi huja kuangalia kama fedha hizo zilitumika kihalali. Ni nadra mtu kuuliza kama zilipunguza pengo kati ya kijana aliyezaliwa katika boma lenye shamba lake na yule ambaye mamake huchuma kahawa ya wengine kwa kibarua. Tunapendekeza kwamba sehemu ndogo ya fedha hizi, pamoja na fedha zitakazoombwa nje, itengwe kwa utafiti wa kujibu swali hilo, na kwamba swali lenyewe litungwe na wanaofanya uamuzi hapa kabla mtafiti yeyote hajaitwa.

Anza na uamuzi unaosubiri kufanywa

Maombi mengi ya ufadhili hutangaza kwamba yatachunguza changamoto zinazowakabili vijana. Changamoto hizo zinajulikana. Mama yeyote sokoni anaweza kuzitaja zote kabla gorogoro ya maharagwe haijajaa. Fedha zikitumika kuzieleza upya, ripoti nzuri itaandikwa, na mwaka ujao basari itagawanywa kama ilivyogawanywa mwaka jana.

Mfuko wa William T. Grant wa Marekani, ulioanzishwa mwaka 1936, umekuwa ukifadhili tangu 2014 utafiti kuhusu kupunguza ukosefu wa usawa miongoni mwa watu wa umri wa miaka 5 hadi 25. Unafadhili kazi zinazohusu vijana wa Marekani, hivyo Kabazi haiwezi kuuomba. Masharti yake, hata hivyo, yanaweza kuigwa bila gharama. Mwombaji hutakiwa kutaja pengo ni kati ya nani na nani, linaonekana katika jambo gani, na ni hatua gani anayotarajia italipunguza. Kueleza ukubwa wa pengo pekee hakutoshi.

Chukua uamuzi ambao kila kamati ya basari inaufahamu. Majina ni mengi, fedha ni chache. Njia isiyo na lawama ni kumgawia kila mmoja kidogo, ili kila kijiji kiridhike. Mtoto wa shule ya kutwa hupata kiasi kisichofikia nusu ya anachodaiwa, na wiki chache baadaye amerudishwa nyumbani kutafuta salio. Njia ya pili ni kuchagua wachache na kuwalipia mwaka mzima, na kustahimili malalamiko ya waliokosa. Ni ipi kati ya njia hizo inayowabakiza shuleni hadi mwisho wa sekondari watoto wa vibarua, mayatima na wasichana waliojifungua? Hili ni swali linalostahili fedha. Lina mwenye uamuzi, lina bajeti ambayo tayari imetengwa, na jibu lake linaweza kubadilisha orodha ya mwaka unaofuata.

Andikeni swali la namna hiyo kwenye ukurasa mmoja kabla ya kumwendea mfadhili. Likishindwa kutoshea katika ukurasa mmoja, bado halijaiva.

Tahadhari mbili zinafaa hapa. Ya kwanza ni kuhusu wastani. Mafunzo ya kuchomelea vyuma yakiwafaa tu wale ambao wazazi wao wanaweza kuwanunulia mashine baadaye, ripoti itaonyesha kwamba mapato ya wahitimu kwa wastani yamepanda, na wakati huohuo pengo litakuwa limepanuliwa kwa fedha za umma. Kwa hiyo matokeo yaandikwe kwa kila kundi kivyake, na hasa kwa kundi la chini.

Ya pili ni kuhusu makabila. Nakuru iliumizwa vibaya na ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, na jedwali linalopanga vijana kwa kabila linaweza kuchochea watu hata kabla ya kusomwa vizuri. Msilinganishe vijana kwa kabila. Pimeni kwa umiliki wa ardhi, kazi ya mlezi, umbali kutoka barabara ya lami, jinsia, ulemavu na uyatima. Hivyo ndivyo vipimo ambavyo kamati inaweza kuvichukulia hatua. Pale ambapo msiba mahususi ulibadilisha maisha ya familia, kama ilivyokuwa kwa majirani wa Solai bwawa la Patel lilipovunja kingo usiku wa tarehe 9 Mei 2018, familia hizo ziwekwe katika kundi lao na zifuatiliwe kwa miaka.

Nakuru iliwahi kuwa uwanja wa jaribio

Kati ya 2011 na 2014, Wizara ya Elimu iliendesha jaribio la kusoma na hisabati katika madarasa ya chini, lililojulikana kwa kifupi kama PRIMR. Fedha zilitoka kwa shirika la misaada la Marekani, USAID, na baadaye pia kwa serikali ya Uingereza. Utekelezaji ulikuwa wa shirika la RTI International. Nakuru ilikuwa mojawapo ya kaunti za mwanzo, pamoja na Nairobi, Kiambu na Kisumu. Shule ziliingizwa kwa awamu. Zilizosubiri zililinganishwa na zilizotangulia, kisha nazo zikapewa vitabu na mafunzo.

Thamani ya jaribio lile ni kwamba halikuuliza tu kama msaada unafaa. Liliuliza ni sehemu gani ya msaada inayofanya kazi, na kwa bei gani. Baadhi ya shule zilipata mafunzo ya walimu na maafisa wa kuwatembelea darasani. Nyingine ziliongezewa vitabu, kila mtoto chake. Nyingine zikapata hayo yote pamoja na mwongozo wa mwalimu wa kila somo. Mafunzo peke yake hayakuwafikisha watoto mbali. Kifurushi chenye mwongozo wa mwalimu ndicho kilichotia fora, ilhali kuchapisha mwongozo si gharama kubwa. Kule Kisumu walijaribu vifaa vya kielektroniki: wengine waliwapa vishikwambi maafisa wanaozuru shule, wengine waliwapa walimu, wengine wakawapa wanafunzi vifaa vya kusomea. Vifaa vya bei ya juu havikuleta faida ya kulingana na bei hiyo. Mwaka 2015 mpango wa Tusome uliyapeleka yale yaliyofaulu katika shule za msingi za umma kote nchini, na mtoto wa darasa la kwanza Kabazi akapata kitabu chake mwenyewe.

Naomba msomaji alizingatie hilo kwa uzito. Kitabu mkononi mwa kila mtoto ni jambo ambalo kwa miaka mingi lilikuwa la shule za wenye uwezo. Lilifika mashambani kwa sababu mtu alilipia ulinganisho, na kwa sababu wizara na maafisa wake wa mitaala walikuwamo tangu siku ya kwanza, hivyo matokeo hayakuhitaji kubisha hodi.

Magharibi mwa Kenya kuna mifano mingine inayotufaa. Huko Busia, kuanzia 1998, shule 75 ziligawanywa katika makundi matatu ya shule 25 na kupewa dawa za minyoo kwa zamu. Miaka 20 baadaye watafiti waliwatafuta watoto wale, sasa wakiwa watu wazima, na kukuta kwamba waliopata miaka miwili hadi mitatu zaidi ya dawa walikuwa na matumizi ya kaya yaliyo juu kwa asilimia 14 na mapato ya saa yaliyo juu kwa asilimia 13. Kwa upande mwingine, mwaka 2008 vijana wa miaka 18 hadi 30 waliotaka kujifunza ufundi waligawiwa vocha za karo kwa kura. Waliopata walijiandikisha kwa wingi, lakini mapato yao kwa jumla hayakupanda kama ilivyotarajiwa. Msimamizi yeyote wa chuo cha ufundi Subukia anapaswa kuujua mfano huo kabla ya kuomba fedha za kuongeza nafasi za wanafunzi. Huenda fedha hizo zingefaa zaidi zikienda kwenye vifaa vya kazi, au kwenye miezi ya kwanza ya mhitimu kutafuta wateja. Hilo nalo ni swali la ukurasa mmoja.

Kugawa kwa zamu na kwa kura

Watu wengi husikia neno jaribio wakaogopa kwamba watoto wa maskini watanyimwa msaada ili mtu apate shahada. Hofu hiyo ni halali na isipuuzwe. Jibu lake liko katika mazingira ambayo kamati tayari inayo: waombaji wanaostahili ni wengi kuliko fedha. Wenye shida kubwa zaidi, kwa mfano mtoto anayewalea wadogo zake, wapewe moja kwa moja na wasiingizwe kwenye kura kamwe. Waliobaki, ambao kamati yenyewe inakiri haiwezi kuwatofautisha, wapigiwe kura hadharani mbele ya wazazi, wengine wapate mwaka huu na wengine mwaka ujao. Kura ya wazi ni ya haki kuliko simu inayopigwa usiku, na papo hapo inatengeneza makundi mawili yanayoweza kulinganishwa.

Mshauri wa takwimu aulizwe mapema kama idadi inatosha. Wadi moja huenda isitoshe kwa swali lenye tofauti ndogo. Wadi tatu za eneobunge zikiungana zina nafasi nzuri zaidi. Ikionekana kwamba idadi haitoshi, ni afadhali kuahirisha kuliko kutumia fedha kupata jibu lisiloweza kuaminika.

Fedha zitoke wapi

Tuseme ukweli kuhusu fedha za kigeni. Serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje Januari 2025, na USAID ikafungwa rasmi tarehe 1 Julai mwaka huo. Njia iliyolipia jaribio la Nakuru imezibika. Bado kuna wafadhili wengine nje ya nchi, lakini kamati isiyoweka chochote mezani itabaki ikijibu maswali ya wengine.

Nyumbani, Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu ya 2013 iliunda Hazina ya Kitaifa ya Utafiti na kutaja asilimia 2 ya pato la taifa kuwa fungu lake kila mwaka. Kinachotolewa kimekuwa chini sana ya hapo, na ni wajibu wetu kuwauliza wabunge kuhusu hilo bila kuchoka. Hazina hiyo inapotangaza ufadhili, wanaoomba ni watafiti wa vyuo na taasisi. Kabazi inahitaji mwenzi, na haina haja ya kwenda mbali. Chuo Kikuu cha Egerton kiko Njoro, na taasisi yake ya Tegemeo imezifuatilia kaya za wakulima tangu miaka ya 1990. Chuo Kikuu cha Kabarak nacho kiko ndani ya kaunti yetu.

Nendeni vyuoni na ukurasa wenu. Mwalimu wa chuo aliyechoka kutafuta jamii itakayomkubalia atafurahi kuona jamii iliyokuja na swali na orodha ya waombaji. Mwanafunzi wa uzamili naye anahitaji mada, na akilipiwa nauli, chapa na gharama za wahojaji, anaweza kufanya kazi ambayo kampuni ya ushauri ingeitoza kaunti mara nyingi zaidi. Mkataba na chuo useme waziwazi kwamba data zitabaki na kamati pia, kwamba muhtasari wa Kiswahili utatolewa, na kwamba matokeo mabaya yatachapishwa sawa na mazuri.

Fungu la kamati lenyewe litoke wapi? Harambee ya karo inaweza kutenga kidogo kwa makubaliano ya wachangaji. Sacco na vyama vya ushirika vya kahawa vina fedha za elimu kwa wanachama. Serikali ya kaunti ina idara ya vijana na idara ya mafunzo ya ufundi, na zote mbili huandika bajeti kila mwaka. Kwa Hazina ya Maendeleo ya Maeneobunge, kumbukeni kwamba Mahakama Kuu iliamua Septemba 2024 kuwa sheria yake ya 2015 inakiuka Katiba na ikaweka tarehe 30 Juni 2026 kuwa ukomo wake. Kwa hiyo rekodi za basari zisiachwe katika ofisi moja tu. Nakala zikae pia shuleni.

Bajeti isiyosahau watu

Kosa kubwa katika bajeti za utafiti wa vijana ni kuwahesabu waliobaki tu. Kijana wa Kabazi aliyeacha shule huenda yuko Naivasha kwenye mashamba ya maua, au Nakuru mjini anaendesha bodaboda, au Nairobi kwa shangazi. Wakihojiwa wale tu wanaopatikana kijijini, jibu litakuwa la uongo, na uongo huo hautaonekana kwenye jedwali. Watafiti wa Busia waliwafuata washiriki wao hata walipohamia miji mingine na nje ya mipaka ya Kenya. Ndiyo sababu matokeo yao yaliaminika. Tengeni fungu kubwa kwa kazi ya kutafuta watu, na mwanzoni kabisa chukueni namba za simu za ndugu watatu wa kila kijana wanaoishi katika nyumba tofauti.

Wahojaji wawe vijana wa eneo hili waliomaliza sekondari, walipwe vizuri na wafunzwe. Asihoji mtu ambaye mhojiwa anaogopa kumkosea. Mtoto anayetegemea barua ya chifu hatamweleza msaidizi wa chifu ukweli wote. Msichana aliyejifungua ahojiwe na mwanamke. Kibarua asiitwe barazani saa nne asubuhi akapoteza ujira wa siku. Afuatwe jioni, na akilazimika kuacha kazi afidiwe. Maswali yaulizwe kwa lugha ya nyumbani pale Kiswahili kinapokwama. Vijana ambao utafiti huu unawahusu zaidi ndio wasiokuja barazani, na gharama ya kuwafikia ndiyo kazi yenyewe. Mfadhili akitaka kupunguza bajeti, fungu hili liguswe la mwisho.

Vibali na ulinzi wa vijana

Hakuna data ya kukusanywa kabla ya kupata idhini ya kamati ya maadili ya chuo husika na leseni ya Tume ya Kitaifa ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu, yaani NACOSTI. Leseni ikitoka, mtafiti huripoti kwa kamishna wa kaunti na mkurugenzi wa elimu kabla ya kuingia shuleni. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka ridhaa ya mzazi au mlezi kwa data za mtoto, na mtoto mwenyewe aulizwe pia. Akikataa, aachwe, na basari yake isiguswe. Maneno hayo yaandikwe kwenye fomu kwa herufi kubwa na yasomwe kwa sauti. Majina yatenganishwe na majibu siku hiyohiyo, na orodha inayoyaunganisha ishikwe na mtu mmoja aliyeapa. Katika wadi ambako watu wanajuana kwa ukoo, hata kusema "msichana wa miaka 16 karibu na kiwanda cha kahawa" ni kumtaja.

Kalenda

Matokeo yanayochelewa mwezi mmoja yanaweza kusubiri mwaka mzima. Mpango wa maendeleo wa mwaka wa kaunti huwasilishwa katika bunge la kaunti kufikia tarehe 1 Septemba, taarifa ya sera ya fedha kufikia 28 Februari, na makadirio ya bajeti kufikia 30 Aprili. Matokeo kuhusu basari au mafunzo yafike Nakuru kabla ya Septemba, yawe yamesomwa kwanza Kabazi mbele ya wazazi na vijana walioyatoa. Idara ikikataa kutoa takwimu zinazohitajika, Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inampa mwananchi haki ya kujibiwa ndani ya siku 21. Barua iandikwe, ipigwe mhuri wa kupokelewa, na nakala itunzwe.

Mpango mkuu wa kaunti unaotumika sasa ni wa 2023 hadi 2027. Unaofuata, wa hadi 2032, utaandikwa karibu na uchaguzi wa Agosti 2027, wakati ahadi kwa vijana huwa nyingi. Kamati itakayokuwa na ulinganisho wa angalau mwaka mmoja wa masomo wakati huo itaingia kwenye mikutano ya umma ikiwa na kitu cha kuweka mezani. Ili hilo liwezekane, fomu ya basari ya msimu ujao iongezwe mistari minne: kazi ya mlezi, ukubwa wa shamba, siku alizorudishwa nyumbani muhula uliopita, na namba za ndugu watatu.